Jamvini: Mama Anasoma, Nyumba Nzima Imehama

Katika toleo lililopita tuliuliza swali dogo kwenye safu hii: Australia ni bara au ni kisiwa? Tulidhani ni swali la kupitishia muda wakati wa kahawa, lakini majibu yaliyotufikia yangejaza ukurasa mzima. Mwanachama mmoja wa mwaka wa pili ametukumbusha kwamba wanajiografia wameshaamua: hili ni bara, dogo kuliko mabara yote, na kisiwa kikubwa kuliko vyote duniani ni Greenland. Mwalimu wetu mmoja, mzaliwa wa Unguja, alijibu kwa mstari mmoja tu: bara ni kule ng'ambo, ukiwa umesimama kisiwani.

Jibu hilo la mwalimu ndilo lililotukaa kichwani. Neno bara limeingia katika Kiswahili kutoka Kiarabu, na kwa watu wa mwambao ni neno la mtu wa pwani anayetazama nchi kavu iliyo mgongoni mwake. Ndiyo maana mpaka leo tunasema Tanzania Bara na Visiwani, na mtu wa Lamu akisema fulani katoka bara, hana habari na ramani ya dunia. Anasema tu kwamba mwenzetu huyu hakuzaliwa karibu na maji. Basi swali letu halikuwa la ukubwa wa nchi, bali la mahali unaposimama unapotazama. Na kwa watu tunaotaka kuwazungumzia leo, hapa ni kisiwa, hata kama ni kisiwa chenye karibu kilomita 4,000 kutoka ufukwe wa mashariki hadi wa magharibi. Huwezi kupanda basi la usiku ukaamkia kwa bibi.

Watu hao ni familia za wanachama wetu ambazo ndani yake mzazi mmoja anasomea udaktari. Katika chama chetu kidogo zipo tatu. Moja imeturuhusu tueleze maisha yake kwa sharti la kuacha majina, na majina tumeyaacha.

Mama wa nyumba hiyo ni daktari tayari. Alisoma Muhimbili, akafanya kazi miaka sita katika hospitali ya wilaya kanda ya kati, mahali ambapo daktari wa zamu huzalisha, hushona majeraha, hutibu malaria na hutatua ugomvi wa ndugu wa mgonjwa, yote katika usiku mmoja. Hapa Sydney hawezi kumtibu mtu mpaka apite mitihani ya Baraza la Tiba la Australia. Wa kwanza hufanyika kwenye kompyuta: maswali 150 ya kuchagua jibu, kwa muda wa saa tatu na nusu. Huo ameshaupita. Wa pili ni wa vitendo, ambapo mtahiniwa hupita kituo baada ya kituo akikutana na watu wanaoigiza wagonjwa, huku wasahihishaji wakitazama anavyouliza, anavyosikiliza na anavyotoa habari mbaya. Akishapita huo, bado kuna miezi 12 ya kufanya kazi chini ya usimamizi kabla ya kupata usajili kamili. Kwa hiyo mtu aliyekwisha kuwa daktari anasomea udaktari kwa mara ya pili, akiwa na watoto watatu, na mbele ya wagonjwa wanaokata kila neno nusu na kulimeza nusu iliyobaki.

Baba alikuwa mwalimu wa hisabati wa sekondari. Sasa anafanya zamu za usiku katika nyumba ya kutunzia wazee. Hurudi saa moja asubuhi, akawavisha watoto wawili wakubwa, akawasindikiza shule, kisha akalala kwa vipande vipande huku wa mwisho, mwenye miaka minne, akimpanda mgongoni. Mama huwa mezani tangu saa kumi alfajiri. Saa tatu asubuhi hutoka kwenda kufanya usafi kwenye ofisi, na jioni hurudi mezani palepale.

Msichana wao wa kwanza ana miaka 12, na yeye ndiye mgonjwa. Baada ya chakula cha usiku huigiza maumivu ya tumbo, huigiza mama mwenye mimba ya miezi saba, huigiza mzee aliyeanza kupoteza kumbukumbu. Kaka yake wa miaka tisa hushika saa ya simu na kupiga kengele muda ukiisha. Binti huyo anazijua dalili za ugonjwa wa kidole tumbo kuliko anavyoijua miji ya nchi alikozaliwa. Majuzi alipatwa na homa kweli. Mama akaanza kumuuliza maswali kwa mpangilio uleule wa mtihani: maumivu yalianza lini, yanasambaa wapi, kuna kinachoyapunguza? Mtoto akamtazama akamwambia, "Mama, leo siigizi."

Familia hii imetoka mahali ambapo bahari ni kitu cha kusimuliwa. Walipofika walipanga Blacktown, kama kilomita 35 kutoka ufukweni, na kwa miezi mitatu hawakuiona. Kisha likaja joto la Desemba, na majirani wakawaambia hapa watu wote wakati huu wanashuka baharini. Wakashuka: treni, kisha basi, kikapu cha wali na maharage, na taulo tano. Kitu cha kwanza walichofundishwa ni bendera. Kwenye fukwe zinazolindwa huchomekwa bendera mbili za rangi nyekundu na njano, na mtu anatakiwa aogelee katikati yake tu, kwa kuwa nje ya hapo panaweza kuwa na maji yanayovuta kuelekea bahari kuu kimyakimya, na mara nyingi ndipo mahali panapoonekana pametulia kuliko kwingine. Walinzi wengi wa fukwe hizi ni watu wa kujitolea. Mmoja wao aliwaelekeza vizuri, lakini baba alipotaka kuwaeleza watoto kwa Kiswahili, neno likamkatalia. Alisema "maji ya kuvuta", kisha "mto wa ndani", watoto wakacheka.

Neno alilipata chamani. Mwanachama wetu kutoka Mombasa alimwambia ni mkondo, na hakuishia hapo. Akawapa watoto maji kujaa na maji kupwa, akawapa bamvua, yaani kipindi ambacho maji hujaa sana na kupwa sana kwa sababu ya mwezi mpevu au mwandamo, akawapa kaskazi na kusi. Tulipenda sana kuliona hili. Watoto wa kanda ya kati wamelipata Kiswahili cha bahari wakiwa Sydney, kutoka kwa kijana wa Mombasa, maneno ambayo kwao hata wazazi hawakuwa na haja nayo. Mara nyingi tunapozungumzia lugha ugenini tunahesabu kilichopotea tu. Hapa kuna kilichoongezeka, na tunaomba walimu wakiandike mahali.

Siku moja ya joto kali upepo wa baridi uliingia ghafla kutoka kusini, kama unavyofanya hapa msimu wa kiangazi, ukashusha joto kwa nyuzi zaidi ya kumi katika muda mfupi. Yule wa miaka tisa akauliza, "Hii ndiyo kusi?" Wa Mombasa alicheka mpaka akakaa chini. Kusi ya kwao huanza kuvuma kama mwezi wa Aprili na kuendelea kwa miezi, na ndiyo iliyokuwa ikisukuma majahazi kurudi Uarabuni. Ya Sydney hupiga jioni moja ikaondoka. Lakini inatoka kusini, kwa hiyo mtoto hakukosea sana.

Sasa tuvuke kidogo kurudi kwetu, kwa sababu familia hii siyo ya kwanza kubebana baharini kwa ajili ya shahada ya udaktari. Shule ya tiba ya Makerere ilianza mwaka 1924, na kwa miongo kadhaa kijana wa Afrika Mashariki aliyetaka kuwa daktari njia yake ilielekea Kampala. Wa Unguja alivuka bahari kwanza, kisha akapanda bara mpaka ziwani. Dar es Salaam ilipata shule yake mwaka 1963, Nairobi mwaka 1967. Kila shule iliyofunguliwa ilifupisha safari ya mtu fulani, na kila safari iliyofupishwa ilimrudisha mzazi fulani karibu na meza ya nyumbani kwake. Historia za elimu ya udaktari huandikwa kwa majina ya maprofesa na majengo. Sisi tungependa kuisoma moja iliyoandikwa kwa umbali kati ya mwanafunzi na mtoto wake.

Unguja ilisubiri zaidi. Baada ya Mapinduzi ya 1964 vijana wengi wa Visiwani walipelekwa mbali kusomea tiba na fani nyingine, katika nchi za kijamaa za wakati ule. Mwaka 2007 mambo yaligeuka: kwa ushirikiano na Cuba, walimu kutoka chuo cha udaktari cha Matanzas walikuja kufundisha Zanzibar kwenyewe. Tazameni upande wa safari. Walimu ndio waliovuka bahari, wanafunzi wakabaki. Mwanafunzi mwenye mtoto Makunduchi angeweza kupanda daladala akalala kwake. Wa Pemba bado alikuwa na maji ya kuvuka, lakini ni boti, siyo ndege mbili na viza. Jambo hilihili lilifanyika jirani na hapa tulipo. Cuba ilisaidia kufundisha mamia ya madaktari wa Timor-Leste, nchi iliyo kaskazini-magharibi ya Darwin, mwanzo kwa kuwapeleka vijana Cuba, na baadaye kwa kuwafundishia wengine Dili, nyumbani kwao.

Kenya ilipita njia nyingine. Mwaka 2018 madaktari 100 kutoka Cuba waliletwa Kenya, na mwezi Septemba mwaka huohuo madaktari 50 wa Kenya wakapelekwa Cuba kusomea utaalamu wa tiba ya familia kwa miaka miwili. Tulipokuwa tunaandaa toleo hili tulirudia jina la fani hiyo mara mbili mbili: tiba ya familia. Ni taaluma ya daktari anayemjua mgonjwa pamoja na mama yake, watoto wake na nyumba anayoishi. Na wale waliokwenda kuisomea waliacha familia zao nyumbani. Walianza kwa kujifunza Kihispania, watu wazima wenye shahada zao, wakirudi kwenye maamkizi na hesabu za moja mpaka kumi. Mwezi Machi 2019 mmoja wao alifariki dunia huko Havana. Baada ya msiba huo malalamiko ya wenzake yalitoka hadharani, kuhusu posho, kuhusu mazingira ya kuishi, na kuhusu ugumu wa kurudi nyumbani kuwaona wake, waume na watoto. Chama cha madaktari cha Kenya kilipaza sauti, na wabunge wakauliza maswali.

Hatuna nia ya kuilaumu Cuba, kisiwa ambacho kimefundisha udaktari watoto wa maskini wengi kuliko nchi nyingi tajiri. Wala hatudai kwamba familia ikiwepo hakuna mtu atakayezidiwa na upweke. Tunachosema ni kwamba ukirudia habari za wakati ule unakuta hesabu mbili zimeandikwa vizuri: 100 wanakuja, 50 wanakwenda. Watoto wa wale 50 hawamo katika vichwa vya habari vyovyote tulivyoviona. Hakuna aliyejua ni wangapi, kwa sababu hakuna aliyeuliza.

Hapa Australia, tukiri, wanauliza. Anayekuja na viza ya mwanafunzi anaweza kuomba aje na mume au mke na watoto walio chini ya miaka 18. Lakini kila anayehesabiwa ana bei yake. Lazima kuwe na bima ya afya kwa familia yote, na lazima uonyeshe pesa za kuwatunza kabla hujafika. Mtoto wa mwenye viza ya muda akiingia shule ya serikali katika jimbo hili la New South Wales, mara nyingi analipiwa ada, ingawa baadhi ya wenye ufadhili husamehewa. Mwanafunzi mwenyewe haruhusiwi kufanya kazi zaidi ya saa 48 katika wiki mbili wakati wa masomo. Mwenzi wa anayesoma shahada ya uzamili au uzamivu hana ukomo huo, na ndiyo maana katika nyumba nyingi za namna hii mmoja anasoma na mwingine hafiki kitandani. Familia ya pili katika chama chetu ilipiga hesabu hizo ikaamua mtoto mkubwa abaki Eldoret kwa shangazi yake. Hatukuuliza zaidi. Baba yake alituonyesha picha ya sare mpya ya shule, akaifuta simu kwa shati, akairudisha mfukoni.

Tunarudi Blacktown, kwa kuwa huko kuna jambo linalosubiri jibu.

Bibi wa watoto amesema yule wa miaka minne apelekwe kwake mpaka mtihani wa vitendo upite. Amelisema kwenye simu ya Jumapili. Simu hiyo ina saa yake: hapa ikiwa saa kumi na moja jioni, kwa bibi ni saa nne asubuhi, ametoka ibada ya kwanza. Ila Oktoba saa za Sydney zikisogezwa mbele, tofauti inakuwa saa nane badala ya saba, na bibi anapatikana bado yuko kanisani. Watoto wanajua kwamba kuanzia Oktoba shikamoo yao itachelewa kidogo. Bibi hakulisema kwa ukali. Alisema, "Nileteeni huyo mdogo, nyie malizeni kazi." Kwa mila zetu hilo ni pendo la bibi kwa wajukuu, na wengi wetu tunaoandika safu hii tumelelewa na mabibi na hatujioni tumetupwa.

Tulilizungumza jambo hili baada ya mkutano wa chama, wenyewe wakiwepo, na tukagawanyika. Mmoja wetu alisema mtoto wa miaka minne kwa bibi yake ana uwanja, ana binamu, ana kuku wa kukimbiza, na hapa ana chumba kimoja chenye baba anayesinzia. Mwanachama mwingine, ambaye kwa kawaida hasemi mikutanoni, alisema yeye aliachwa Nakuru akiwa na umri huohuo mama yake alipokwenda kusoma, na aliporudi, kwa mwaka mzima alimwita mama yake shangazi. Hakuongeza neno.

Sisi wa safu hii tuliegemea upande wa kumbakisha, na tulitoa sababu ambayo ni ya ubinafsi wa chama cha Kiswahili. Yule mdogo ndiye pekee katika nyumba ile ambaye bado anasema Kiswahili kuanzia asubuhi mpaka usiku. Wakubwa wakiulizwa kwa Kiswahili hujibu kwa Kiingereza, na wao kwa wao hawasemi kingine. Ili wamwelewe mdogo wao, wanalazimika kurudi. Akiondoka yeye, lugha ya nyumba ile itabaki kuwa ya kukemea na ya kusalimia simu.

Mama alitusikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Nyie mnaongea habari ya lugha. Mimi naongea habari ya saa tatu." Akatufafanulia. Mdogo akiwepo, anasoma saa tatu kwa siku. Asipokuwepo, anasoma saa sita. Ada ya kila mtihani ni maelfu ya dola, akifeli atalipa tena, na nafasi za mtihani wa vitendo siyo za kuchukua kila unapotaka. Hakuna aliyekuwa na jibu. Baba ndiye aliyevunja ukimya, kwa hesabu za mwalimu: kama zinatafutwa saa tatu kwa siku, hizo ni 21 kwa wiki, na siyo lazima zote zitoke kwa mtu mmoja.

Kwa hiyo kamati imeamua, na hapa tunawaandikia rasmi wanachama na walimu. Kuanzia wiki ijayo chumba chetu cha mikutano kitakuwa wazi kwa watoto wa wanachama Jumanne na Alhamisi jioni kwa saa tatu, na Jumamosi kuanzia saa nne asubuhi mpaka saa kumi. Hiyo inatupa saa 12. Tunatafuta tisa zilizobaki, ikiwezekana karibu na Blacktown ili mtoto asipandishwe treni kila siku. Wenzetu mnaojifunza Kiswahili mnakaribishwa hasa, kwa sababu mtoto wa miaka minne hatawasahihisha ngeli kwa huruma, na hatakubali mwingie kwenye Kiingereza. Kila atakayejitolea awe na kibali cha jimbo cha kufanya kazi na watoto. Kwa wanaojitolea kinatolewa bure, maombi huanza kwenye mtandao na mtu huthibitisha utambulisho wake. Sita mmeshajiandikisha, wawili kati yenu ni walimu. Tunahitaji wengine wanne, na tungefurahi mmoja wao awe mtu wa pwani, maana wa Mombasa ana mitihani yake mwezi ujao na watoto bado hawajaelezwa ngalawa inavyokaa majini bila kupinduka.

Majina apewe katibu kabla ya Ijumaa. Bibi ameahidiwa jibu Jumapili, saa kumi na moja jioni za hapa.